Je, grafu ya marejeleo inayopanda kila mwaka inathibitisha kwamba utafiti wetu umekua?

SWALI: Mimi ni mkutubi katika taasisi ya utafiti. Mkurugenzi amenitaka niandae taarifa itakayoonyesha kama utafiti wetu una athari kubwa leo kuliko miaka 20 iliyopita. Nimechota takwimu za marejeleo (yaani mara ambazo makala zetu zimetajwa katika makala nyingine) kutoka kwenye hifadhidata na kupata grafu inayopanda kila mwaka bila kushuka hata mara moja. Kielezo cha h cha taasisi nacho kimepanda. Mtafiti mmoja mwandamizi anasema makala zake za zamani ndizo zinazoibeba taasisi, ilhali vijana wanadai kwamba zao ndizo zinazosomwa. Je, grafu hii inatosha? Na kati yao ni nani aliye sahihi?

JIBU: Ndugu mkutubi, grafu uliyonayo haiwezi kulijibu swali la mkurugenzi, na sababu si kwamba umekosea kuichora. Ingepanda vivyo hivyo hata kama utafiti wa taasisi yenu ungekuwa umedumaa tangu siku ya kwanza. Chukua taasisi ya kubuni inayochapisha makala 20 kila mwaka, kila makala ikirejelewa mara mbili kwa mwaka, bila kuongezeka wala kupungua. Mwaka wa kwanza taasisi hiyo itapata marejeleo 40, mwaka wa pili 80, wa tatu 120, na kufikia mwaka wa kumi itakuwa inapata marejeleo 400 kwa mwaka. Hakuna mtafiti aliyefanya kazi bora kuliko mwenzake wala mwaka uliouzidi mwingine. Kilichoongezeka ni akiba ya makala zinazoweza kurejelewa, kwa kuwa za zamani haziondoki pale mpya zinapoingia.

Juu ya hilo kuna ukuaji wa mazingira yenyewe. Makala zinazochapishwa duniani kila mwaka zimekuwa zikiongezeka kwa miongo mingi, na orodha ya marejeleo mwishoni mwa makala moja kwa wastani ni ndefu kuliko ilivyokuwa zamani, kwa hiyo jumla ya marejeleo yanayogawanywa kati ya watafiti wote imevimba. Hifadhidata nazo zimepanuka. Faharasa ya marejeleo ya sayansi aliyoiasisi Eugene Garfield huko Philadelphia mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilianza na majarida yapatayo 600. Warithi wake leo hufuatilia maelfu kwa maelfu, na Web of Science, ambayo ndiyo mrithi wake wa moja kwa moja, iliongeza mwaka 2015 mkusanyo mzima wa majarida ambayo hapo awali hayakuhesabiwa. Makala yenu ya mwaka 2006 inaweza kupata marejeleo mapya kwa sababu tu jarida lililoirejelea siku zote limeanza kuingizwa katika hesabu. (Garfield, ikumbukwe, alipoandika pendekezo lake katika jarida la Science mwaka 1955, alikuwa anatafuta njia ya kuwasaidia watafiti kupata maandiko yanayohusiana na kazi zao. Kuwapima watu kulikuja baadaye.)

Kielezo cha h kina udhaifu wa namna hiyo hiyo, tena kwa kiwango kikubwa zaidi. Jorge Hirsch alikipendekeza mwaka 2005 kwa ajili ya mtafiti mmoja mmoja: mtu mwenye kielezo cha 10 ana makala kumi ambazo kila moja imerejelewa angalau mara kumi. Kwa jinsi kinavyohesabiwa, kielezo hiki hakina njia ya kushuka. Mtafiti anaweza kustaafu, na hata kufariki, na kielezo chake kikaendelea kupanda. Hirsch mwenyewe aliliona hilo na kupendekeza kigawanywe kwa idadi ya miaka tangu mtafiti achapishe makala yake ya kwanza, ingawa wengi wanaokitumia hawafiki huko. Kukitumia kwa taasisi nzima kunaongeza tatizo jingine, kwani taasisi kubwa itaishinda ndogo kwa wingi wa watu hata kama kazi zao zina uzito uleule. Ningekuwa wewe, ningekiondoa kabisa kwenye taarifa.

Sasa tuje kwenye ubishi wa mwandamizi na vijana, kwa sababu humo ndimo lilimo jibu lenyewe. Tuseme mwandamizi ana makala ya mwaka 2008 iliyokwisha kurejelewa mara 120, na kijana ana makala ya mwaka 2019 iliyorejelewa mara 60. Hizi ni tarakimu za mfano. Kwa jumla, mwandamizi ameshinda maradufu. Lakini makala yake imekuwa sokoni miaka 11 zaidi, kwa hiyo tuipe kila makala muda uleule: miaka mitano ya kalenda kuanzia mwaka wa kuchapishwa. Kati ya 2008 na 2012 makala ya mwandamizi ilirejelewa mara 18. Kati ya 2019 na 2023 ile ya kijana ilirejelewa mara 45. Ushindi umehamia kwa kijana. Lakini tusiishie hapo. Tuangalie makala za rika lao, yaani makala zote za aina ileile, za fani ileile, zilizochapishwa duniani mwaka uleule. Ikiwa makala za fani hiyo za mwaka 2008 zilipata kwa wastani marejeleo 9 katika miaka yao mitano ya mwanzo, na zile za mwaka 2019 zilipata 25, basi makala ya mwandamizi ilipata mara 2.0 ya wastani wa rika lake na ya kijana mara 1.8 ya wastani wa rika lake. Mwandamizi amerudi mbele, kwa tofauti ndogo ambayo mimi nisingeipigania.

Hakuna hata moja kati ya hesabu hizo tatu iliyo ya uongo. Ya kwanza inajibu swali la ni makala ipi imetumika zaidi mpaka leo. Ya pili, ni ipi ilipokelewa na wasomaji wengi zaidi ilipokuwa changa. Ya tatu, ni ipi iliyojitokeza zaidi miongoni mwa wenzake wa wakati wake. Swali la mkurugenzi, kama nimelielewa, ni la tatu, na kulijibu kunadai mambo mawili yafungwe kabla ya hesabu kuanza, ambayo ni umri wa makala na rika la kulinganisha. Bila hayo, kila mwaka unaoongezeka upande wa kulia wa grafu unalinganisha watoto na watu wazima.

Kuhusu umri, kipindi cha miaka mitano ni cha kawaida na kinafaa kwa fani nyingi. Kile cha miaka miwili kinachotumika kukokotoa kigezo cha athari cha majarida (yaani wastani wa marejeleo ambayo makala za jarida za miaka miwili iliyotangulia hupata katika mwaka mmoja) ni kifupi mno kwa kazi yako. Katika sehemu kubwa ya tiba na biolojia, marejeleo hufika kilele miaka miwili hadi minne baada ya makala kutoka, halafu hupungua. Hisabati, historia na falsafa huenda polepole zaidi, na kama taasisi yenu ina watafiti wa fani hizo, wapatie miaka minane au kumi na ukubali kwamba taarifa yao itaishia nyuma zaidi. Makala za miaka ya mwisho, ambazo kipindi chake hakijatimia, ziache nje kabisa. Utashawishika kuziingiza kwa kukadiria, na mkurugenzi atakuomba ufanye hivyo. Kataa, kwa sababu mkia huo wa grafu ndio utakaotazamwa kuliko sehemu nyingine yoyote, nao ndio dhaifu kuliko zote. Jambo jingine dogo ambalo huharibu hesabu bila kelele ni tarehe ya kuchapishwa. Makala iliyotoka Januari ina karibu mwaka mzima wa ziada ukiilinganisha na ya Desemba, na majarida mengi huweka makala mtandaoni mwezi mmoja kisha huiingiza kwenye toleo rasmi mwaka unaofuata au hata baada ya hapo. Amua mapema ni tarehe ipi utakayoifuata, na uifuate kwa makala zote.

Kuhusu rika, usichukue wastani peke yake. Marejeleo hayagawanyiki sawasawa: makala chache hupata mengi sana na nyingi hupata machache au hukosa kabisa. Mwanasosholojia Robert Merton alieleza mwaka 1968 jinsi sifa katika sayansi zinavyomwendea aliyekwisha kuwa nazo, na mwanahistoria wa sayansi Derek de Solla Price akaiwekea hali hiyo hesabu mwaka 1976. Kwa lugha nyepesi, aliye nacho huongezewa. Matokeo yake ni kwamba makala moja inaweza kuuburuta wastani wa taasisi nzima. Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni wa jarida la Acta Crystallographica, sehemu A. Mwaka 2008 lilichapisha makala ya George Sheldrick kuhusu programu za SHELX, ambazo wanakemia wengi huzitumia kubaini muundo wa fuwele, na kila aliyezitumia aliombwa airejelee makala hiyo. Kigezo cha athari cha jarida hilo kikaruka kutoka karibu 2 hadi karibu 50 katika mwaka 2009. Mwaka 2011, makala ile ilipotoka nje ya miaka miwili inayohesabiwa, kigezo kilirejea karibu na 2. Mtu aliyetazama mstari huo bila kujua kisa chake angeandika ripoti ndefu juu ya kuinuka na kuanguka kwa jarida ambalo kwa hakika halikubadilika.

Kwa hiyo tumia nafasi badala ya wastani. Kwa kila makala yenu, uliza kama imo ndani ya asilimia 10 ya makala zilizorejelewa zaidi katika fani yake na mwaka wake. Kisha, kwa kila kipindi cha miaka mitano ya uchapishaji, hesabu ni sehemu gani ya makala zenu iliyofika huko. Taasisi isiyo na chochote cha kuitofautisha na dunia ingekuwa na asilimia 10. Yenye asilimia 14 imefikia mara 1.4 ya matarajio hayo. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba makala iliyorejelewa mara 5,000 huhesabiwa kama moja tu iliyofanikiwa, na haibebi wenzake. Hata hivyo angalia ukubwa wa makundi yako. Kama mlichapisha makala 30 katika kipindi cha kwanza na tatu kati yake zikaingia katika asilimia 10 ya juu, halafu katika kipindi cha pili zikaingia tano kati ya 30, usiandike kwamba mmepanda kutoka asilimia 10 hadi asilimia 17. Tofauti ya makala mbili katika kundi dogo kama hilo inaweza kabisa kuletwa na bahati. Andika tarakimu zenyewe, tatu na tano, ili msomaji aone udogo wake.

Mgawanyo wa fani nao una vishawishi vyake. Makala ya takwimu za afya inaweza kuwekwa kwenye hisabati, ambako wastani wa marejeleo ni mdogo, au kwenye tiba, ambako ni mkubwa, na alama yake itabadilika sana bila makala yenyewe kubadilika hata herufi. Usimruhusu mtafiti achague fani ya makala yake baada ya kuona matokeo.

Kabla ya hayo yote kuna swali la ni nani anayehesabiwa, nalo ndilo ambalo taarifa nyingi za aina hii hulipita kimyakimya. Ukichukua orodha ya watafiti mlio nao leo na kufuatilia makala zao kurudi nyuma miaka 20, utakuwa umewaacha nje wote walioondoka, pamoja na kazi zao nzuri, na utakuwa umeingiza makala ambazo wa sasa waliziandika walipokuwa kwingine. Mstari utakaopatikana utasimulia maisha ya watu waliobaki. Kwa swali la mkurugenzi, chukua makala zote ambazo zilibeba jina la taasisi zilipochapishwa, awe mwandishi bado yupo au hayupo. Jina la taasisi litakutesa, maana hifadhidata huliandika kwa namna nyingi, kwa vifupisho na kwa makosa, kwa hiyo linganisha orodha yako na kumbukumbu za maktaba, na utumie namba za utambulisho wa makala pale zilipo. Amua pia namna ya kugawa sifa. Mwaka 2015 wanafizikia wa maabara ya CERN huko Geneva walichapisha makala yenye waandishi zaidi ya 5,000. Kama mmoja wao ni wenu, makala hiyo si kazi ya taasisi yenu kwa kiwango sawa na ile iliyoandikwa na watu wenu watatu. Njia ya kawaida ni kuipa taasisi sehemu inayolingana na idadi ya waandishi wake. Marejeleo ya waandishi kwa kazi zao wenyewe yaonyeshe kando. Kujirejelea si dhambi, ila kunapozidi hufanana na kujipigia makofi.

Chagua hifadhidata moja na ubaki nayo. Web of Science na Scopus zina udhibiti mkali zaidi wa kinachoingia, lakini ni za kulipia. OpenAlex, iliyoanza mwaka 2022 baada ya Microsoft kuifunga huduma yake ya kitaaluma, ni ya wazi na hukuruhusu kupakua takwimu zote, ijapokuwa utakuta humo kumbukumbu zilizojirudia na majina yaliyochanganywa. Google Scholar huokota mengi kuliko zote, lakini haikuambii mipaka ya kile inachokusanya, wala haikupi njia rahisi ya kupata rika la kulinganisha, kwa hiyo haifai kwa kazi hii. Zote zina pengo katika vitabu na katika kazi zilizoandikwa kwa lugha zisizo Kiingereza. Dosari za hifadhidata huweza hata kutengeneza mwelekeo usiokuwepo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi uliodai kwamba makala za sayansi zimekuwa na uvumbuzi wa kimapinduzi mdogo zaidi kadiri miongo ilivyopita. Watafiti wengine walijibu kwamba sehemu kubwa ya mteremko huo ilitokana na kumbukumbu za zamani ambazo orodha zao za marejeleo hazikuwemo kwenye data.

Limebaki jambo ambalo hesabu haiwezi kulifikia. Rejeleo ni ishara kwamba mwandishi mwingine ameitumia kazi kwa namna fulani, na namna hizo ni nyingi. Makala ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, inayoeleza njia ya kupima protini katika maabara, imerejelewa zaidi ya mara 300,000, na hakuna anayeshikilia kwamba ndiyo iliyogeuza sayansi kuliko nyingine zote. Ni kwamba watu walihitaji kupima protini. Makala iliyotoka katika The Lancet mwaka 1998, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, iliondolewa rasmi mwaka 2010, lakini imeendelea kurejelewa, mara nyingi na wanaoikosoa, na mashine huyahesabu marejeleo hayo kama mengine yote. Kinyume chake, matokeo yaliyokwisha kuingia katika vitabu vya kiada huacha kurejelewa kwa sababu kila mtu anayajua. Tena kuna makala zinazolala, yaani zinazokaa miaka mingi bila kurejelewa kwa wingi, kisha zikaamka. Kazi ya Mendel juu ya njegere, iliyochapishwa mwaka 1866, iligunduliwa upya mwaka 1900. Ile ya Einstein, Podolsky na Rosen ya mwaka 1935 juu ya fizikia ya kwanta ilingoja miongo kadhaa kabla ya kurejelewa kwa wingi. Anthony van Raan alizichunguza makala za namna hii mwaka 2004 na kukuta kwamba ni chache, na uchache huo ndio unaohalalisha kutumia miaka mitano kwa kundi kubwa la makala. Hauhalalishi kuitumia kumhukumu mtu mmoja kwa makala yake moja.

Ndiyo maana Azimio la San Francisco juu ya tathmini ya utafiti, na baada yake Ilani ya Leiden ya mwaka 2015, yanataka tarakimu zisaidie hukumu ya wanataaluma badala ya kushika nafasi yake. Kwa upande wako hilo lina maana ya kazi ya mikono. Chagua makala kama 20 kutoka kila kipindi, fungua makala kadhaa zilizozirejelea, na usome aya yenyewe ambamo jina la makala yenu limetokea. Mara utakuta zimetajwa ndani ya mabano pamoja na nyingine saba kama desturi ya utangulizi. Mara utakuta mtu amechukua njia yenu, au amekanusha matokeo yenu, au amejenga kazi yake yote juu ya jedwali lenu la tatu. Mifano mitano ya aina hiyo, ikiwa imeandikwa vizuri, itamfundisha mkurugenzi mambo ambayo mstari hauwezi.

Katika taarifa, weka grafu moja tu yenye vipindi vya uchapishaji chini, na juu yake sehemu ya makala zilizoingia katika asilimia 10 ya juu ndani ya miaka mitano. Chini yake andika idadi ya makala za kila kipindi, jina la hifadhidata na siku uliyochota takwimu. Grafu yako ya awali unaweza kuiweka kwenye kiambatisho, ukiipa kichwa cha habari kinachosema inachoonyesha kwa kweli, yaani jumla ya marejeleo yaliyopokelewa kila mwaka na makala zote zilizowahi kuchapishwa. Faili la takwimu ulizochota lihifadhi kama lilivyo bila kulisasisha, kwa sababu hifadhidata hujirekebisha mara kwa mara, na mwandamizi atakapokuja kudai kwamba makala yake ilihesabiwa vibaya, utahitaji kurudi kwenye tarakimu zilezile ulizozitumia.